Kabla hujamchorea mhusika wako shanga, muangalie Mario kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi ya kutengeneza gemu, karibuni, ila msipoteze muda kama mimi. Mhusika wangu wa kwanza nilimchora wiki tatu nzima, ana shanga shingoni, kovu shavuni, ngao ina nakshi kama milango ya Zanzibar, na ukoo wake nimeuandika mpaka babu wa tatu. Nikamuweka kwenye simu. Mpwa wangu akaangalia weee, akauliza, "Anko, huyu ni mende?" Na kweli, kwenye kioo kile alikuwa doa jeusi linalokimbia tu.

Sasa Mario, yule jamaa wa masharubu na kofia nyekundu wa gemu za Nintendo. Katokea 1981 kwenye gemu la Donkey Kong na hata jina hilo hakuwa nalo, aliitwa Jumpman, yaani jamaa wa kuruka basi, na kazi yake ilikuwa useremala, mambo ya ufundi bomba yamekuja baadae. Shigeru Miyamoto, aliyembuni, alikuwa na vipikseli (vile vidoti vinavyounda picha kwenye kioo) kiduchu vya kuchezea, mdomo hauchoreki ukaeleweka, ndo akampa pua kubwa na masharubu. Nywele nazo zinasumbua, jamaa akiruka zifanyeje? Akamvika kofia. Mikono ikipishana na mwili haionekani, akamvika ovaroli ili rangi zitofautiane. Yaani vitu vingi tunavyomtambulia leo vilikuwa dawa ya shida za mashine.

Kwa hiyo siku hizi mimi nampunguza mhusika mpaka awe saizi ya ukucha, nampaka weusi mwili mzima, alafu namuonyesha mtoto. Asipomjua ni nani kati ya wengine, narudi mezani.

Ila sura peke yake haikufikishi mbali, na hapa ndo wengi mnapuuzia. Mtu anampenda mhusika kupitia vidole. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985 ukigusa batani kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anapaa zaidi, na akiwa hewani bado unamvuta kushoto au kulia. Sisi tuliocheza zile za kaseti za kuchomeka kwenye tivii hakuna aliyesoma maelekezo, gemu lenyewe lilikuwa linafundisha. Kale kadudu ka kwanza kanakujia, usiporuka umekufa, unaanza upya na hujapoteza hata dakika. Alafu ule uyoga ukitoka kwenye boksi la alama ya kuuliza unateleza kulia, unagonga bomba, unarudi kwako, ukijifanya kuukwepa kwa kuruka unagonga matofali ya juu unaangukia hapohapo, unaumeza, unakuwa mkubwa. Ushajua uyoga ni mzuri na hakuna aliyekwambia neno!

Hata Pac-Man ya 1980, lile gemu la kamdomo ka njano kanakula vidoti huku kakikimbia mizimu, Toru Iwatani na wenzake walioitengeneza mizimu minne waliipa kila mmoja tabia yake, mwekundu anakufukuza nyuma, wa pinki analenga mbele yako, wa chungwa akikukaribia sana anageuza anarudi konani kwake. Hawaongei, ila ukicheza siku mbili unawajua kama majirani. Mimi kilichonifanya niache kuandika mambo ya ukoo ni hicho.

Yule wangu nikamvua ngao, shanga zikaenda, nikambakizia kilemba kikubwa chekundu, nikakaa siku tisa kwenye kuruka tu, juu chini juu chini mpaka wife akaniuliza kama niko sawa. Mpwa nikampa simu tena. Hata jina la mhusika hakuuliza, kanirudishia usiku, chaji imebaki asilimia 4.