Maswali na Majibu: Fedha za Mjomba, Majina Yasiyolingana na Dakika Chache za Mahojiano

Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza. Mjomba wangu ndiye atakayenilipia, na fedha anazo benki. Je, niambatishe taarifa ya akaunti yake?

Taarifa ya akaunti ya mjomba haitakusaidia, hata ikiwa na mamilioni. Kanuni za Uingereza zinatambua fedha zilizomo katika akaunti yako mwenyewe, ya mwenzi wako, au ya mzazi ama mlezi wako wa kisheria. Mbali na hao, yupo mfadhili rasmi kama serikali au chuo, na upo mkopo wa wanafunzi. Mjomba, shangazi na kaka hawamo, jambo linalowashangaza wengi waliosomeshwa na ukoo mzima. Njia iliyopo ni mjomba kukuhamishia fedha hizo katika akaunti yenye jina lako, nawe uziache humo kwa siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Siku ya mwisho katika hizo 28 isiwe imepita kwa zaidi ya siku 31 utakapowasilisha ombi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na mara nyingi si kwa kukosa fedha. Mtu hutoa kidogo siku ya ishirini ili alipie kipimo cha kifua kikuu, akazirudisha kesho yake, asijue kwamba salio likishuka chini ya kiwango, hesabu ya siku huanza upya. Gharama ndogo ndogo zilipie kutoka akaunti nyingine. Kiwango chenyewe ni ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa, pamoja na fedha za kujikimu kwa muda usiozidi miezi tisa. Ongeza akiba juu yake, kwa kuwa thamani ya sarafu ikiyumba, salio lililotosha jana laweza kupungua leo. Hifadhi pia risiti ya uhamisho na barua fupi ya mjomba, maana ofisa akiona fedha nyingi zimeingia kwa mkupuo ana haki ya kuuliza zimetoka wapi.

Je, Ujerumani nako ni siku 28?

La. Wasio na ufadhili wala mdhamini anayekubalika hufungua akaunti maalumu iliyozuiwa, ambayo tangu Septemba 2024 hutakiwa kuwa na euro 11,904 kwa mwaka. Ukishafika, unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Anza mapema, kwa sababu kuifungua na kutuma fedha hula wiki kadhaa.

Rafiki yangu alikuwa na nyaraka zote, lakini alinyimwa viza ya Marekani kwa mahojiano ya dakika mbili. Mimi nijiandae vipi?

Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 kinamtaka ofisa amchukulie mwombaji kuwa anakusudia kuhamia huko moja kwa moja, mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo fomu ya I-20 kutoka chuoni na risiti ya ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350 vinakufikisha dirishani tu. Kinachobaki ni maelezo yako, na ofisa anaweza asiifungue kabisa bahasha yako.

Uwe tayari kueleza, kwa sentensi mbili au tatu, kwa nini umechagua kozi hiyo, inaendeleza vipi ulichokwisha kukisoma, nani anailipia na ana kipato gani, na utaifanyia nini elimu hiyo ukirejea. Sishauri kukariri majibu yanayouzwa na mawakala. Ofisa aliyeyasikia kwa watu kumi asubuhi hiyo hatayaamini kwa mtu wa kumi na moja. Rafiki yako, kama alinyimwa kwa kifungu hicho, hana rufaa, lakini anaweza kuomba tena, na afanye hivyo akiwa na jambo jipya la kueleza.

Cheti changu cha shule kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Je, ni tatizo?

Si kubwa, ukilishughulikia mapema. Apa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kisha katika fomu zote na barua ya udahili tumia jina la pasipoti, herufi kwa herufi.

Niliwahi kunyimwa viza ya utalii. Wakala ananiambia nisiitaje.

Mwache wakala huyo. Nchi nyingi hubadilishana taarifa za waombaji, zikiwemo Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand. Kunyimwa viza huko nyuma hakukufungii mlango, ila kudanganya kunaweza kukufungia kwa miaka 5 Kanada, 10 Uingereza, na Marekani hata maisha. Taja mwaka, nchi na sababu uliyopewa, kisha eleza kilichobadilika.

Viza imetoka. Naweza kusafiri hata miezi miwili kabla ya masomo?

Kwa viza ya masomo ya Marekani, hutaruhusiwa kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyoandikwa kwenye I-20. Kwingineko soma tarehe ya kuanza kutumika iliyo kwenye viza yenyewe kabla ya kukata tiketi. Barua ya udahili, uthibitisho wa fedha na anwani ya makazi yako vikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu ofisa wa uhamiaji atavitaka kabla hujalifikia begi lako kubwa.