Tai wa Githogoro

SWALI: Kuna ndege mkubwa anayezunguka juu ya mtaa wetu, upande wa msitu wa Karura hapa Nairobi, mnamo saa nne asubuhi. Hulia kama mtu anayepiga filimbi. Kuku wangu watatu wamepotea mwezi huu na majirani wanamtaja yeye; mmoja anataka kumtegea nyama yenye sumu. Nina binti wa miaka mitatu. Anaweza kubebwa? — Mama Shiku, Githogoro

JIBU: Mama Shiku, kuhusu kuku mnamsingizia. Mwizi wa vifaranga mitaani ni mwewe, yule anayewapokonya watoto wa shule mandazi; mkia wake una panda kama wa samaki. Huyo wenu ni tai mwenye kishungi, na filimbi ni ya dume anayetangaza mipaka yake. Hupanda, hujiachia, hupanda tena, mpaka shingo ya mtazamaji iume.

Mbawa zake ni fupi na pana, mkia mrefu, apate kukata kona katikati ya miti. Hana haja ya kukimbizana. Hutulia tawini kimya, kima akija kushtuka kucha zimeshaingia. Niliwahi kuokota fuvu la kima chini ya kiota: tundu moja safi, kidole changu cha mwisho kikapenya.

Sasa binti. Tai huyu ana kilo tatu hadi nne na ushei. Huua hata mtoto wa pongo aliyemzidi uzito, ila hawezi kumwinua mzima, humkata vipande. Kumvamia mtu ni nadra sana, ingawa sitakudanganya kwamba haiwezekani: fuvu la mtoto wa Taung, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1924, lina alama zinazowafanya wataalamu wamshuku tai wa namna hii. Acheze karibu nawe tu.

Hiyo sumu ndiyo inayoninyima usingizi. Jike hutaga mayai mawili, kinda mkubwa akamuua mdogo. Kuatamia ni siku 49 hivi, kiotani karibu miezi minne, na hata akisharuka bado hulishwa na wazazi miezi tisa au zaidi. Kinda mmoja kwa miaka miwili! Mwambie jirani hivyo, na banda la kuku lifunikwe wavu.

Ukimwona amebeba tawi bichi, anatandika kiota. Tazama anaelekea wapi, kisha uniambie mimi peke yangu.