Wasomaji Wanauliza: Siku Mbili Kilwa

Swali: Mhariri, mwezi ujao nitampeleka mama yangu Kilwa kwa siku mbili. Ana umri mkubwa na magoti humsumbua. Je, ataweza kuyatembelea magofu?

Jibu: Ataweza, ila si yote. Mkishapata kibali mjini Kilwa Masoko, vukeni kwa mashua asubuhi, kabla jua halijawa kali, hadi Kilwa Kisiwani, ambako ngome ya Gereza huonekana tangu mkiwa baharini. Msikiti Mkuu, wenye kuba na nguzo zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, hauko mbali na ngome hiyo, na kwa maoni yangu ndio unaostahili muda wenu mwingi. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye bwawa la pembe nane, liko mbali zaidi upande wa mashariki; mama apumzike kivulini wakati wewe unakwenda huko na mwongozaji.

Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ijapokuwa iliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia pamoja na Kisiwani mwaka 1981, iacheni safari hii, kwani maji yakipwa abiria huweza kulazimika kushuka na kutembea kwenye tope la mikoko. Siku ya pili nendeni Kilwa Kivinje kwa gari, mkaone majengo ya enzi ya Wajerumani.