Barua kwa mwanangu: mnapoanza kusoma ibada za Wakristo wa kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kikundi chenu cha watu wanane kianzie wapi, maana kipindi cha kwanza kiliishia kwenye ubishi wa ubatizo wa watoto. Mlianza na msimamo wa kila mtu, kisha mkaenda kuutafutia ushahidi. Geuzeni. Shikeni andiko moja fupi, lisomwe kwa sauti mara mbili, na kabla mtu hajasema lina maana gani, aseme kwanza nani anafanya nini, kwa kitu gani, siku gani, na nani haruhusiwi.

Anzeni na Didake, kijitabu cha mafundisho na taratibu za Wakristo chenye sura 16, ambacho wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Someni sura ya 7 peke yake. Batizeni katika maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Ya baridi yasipowezekana, ya vuguvugu. Na kama hamna ya kutosha, mimina kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Anayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla, na anayebatiza naye afunge. Mwandishi ana analolipendelea, lakini uhaba wa maji haumnyimi mtu ubatizo. Anayeng'ang'ania kuzamisha tu na anayetosheka na kumimina wote watapata la kufikiri hapo. Watoto hawatajwi, na msimruhusu mtu yeyote kulijaza pengo hilo. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, mnamo mwaka 200 hivi, anashauri watoto wacheleweshwe. Maana yake wapo waliokuwa wakiwaleta.

Wiki ya pili ni sura ya 9, 10 na 14. Jiandaeni kwa mshtuko: kikombe kinatangulia mkate, na maneno "huu ndio mwili wangu" hayamo. Wataalamu hawajakubaliana kama ni Ekaristi yenyewe au mlo wa pamoja. Someni kando yake Luka 22:17-20, ambako kikombe kinatajwa kabla na baada ya mkate, halafu 1 Wakorintho 11. Msilazimishe vifanane.

Kisha Yustino Mfiadini, Utetezi wa Kwanza, sura 65 hadi 67, alioandika Roma mnamo mwaka 155 hivi kwa Kaisari Antonino Pio. Chukueni karatasi moja na mpange hatua zake: usomaji kadiri muda unavyoruhusu, mausia ya msimamizi, sala watu wote wakiwa wamesimama, mkate na divai na maji, shukrani, "Amina" ya watu, mashemasi kuwapelekea wasiokuwepo, na sadaka kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Kaeni hasa kwenye maneno kwamba msimamizi hushukuru "kadiri ya uwezo wake". Hapo sala ilikuwa bado haijafungwa kwa maneno yaliyoandikwa, ingawa mpangilio ulishasimama. Kumbukeni pia kwamba anamweleza mtu wa nje. Asichokitaja si lazima kiwe hakikuwepo.

Kosa kubwa la vikundi vidogo ni kuchanganya Yustino wa Roma na Sirili, askofu wa Yerusalemu wa karne ya 4, wakapata "Kanisa la kwanza" ambalo halikuwahi kuwepo mahali popote. Andikeni mwaka na mji juu ya kila karatasi. Mapokeo ya Kitume, andiko la taratibu za Kanisa lenye miaka mitatu ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), yaacheni mwisho: kuyahusisha na Hipoliti wa Roma kunabishaniwa sana.

Neno "sakramenti" nalo msilikimbilie. Sacramentum ya Kilatini ilikuwa pia kiapo cha askari, na mysterion ya Kigiriki ndiyo "siri" ya Waefeso 5:32. Kuhesabu sakramenti saba kulikuja kukaa sawa Magharibi katika karne ya 12, kwa hiyo kuwauliza waandishi hawa wa kwanza kama ni mbili au saba ni kuwauliza swali lisilo lao.

Dakika 75 zinatosha: 15 za kusoma, 40 za kueleza kinachofanyika, 20 za kulinganisha na ibada yenu. Mtu mmoja ashike saa. Na atakayependekeza mbariki mkate hapo kikundini ili "kujaribu", mwambieni amuulize kwanza padre au mchungaji wenu.

Mama yako