Karatasi za kitalu cha madini Marekani: kaunti kwanza au BLM?

Swali lilikuwa hili: wenzetu wawili wameona mshipa wa dhahabu kwenye ardhi ya serikali kuu huko Nevada, wamebandika notisi, sasa wanataka kujua karatasi zinaanzia kaunti au BLM, ile ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi. Zinaenda kote kuwili, na ofisi moja haiiambii nyingine. Ukilipa BLM, kaunti haina habari. Ukisajili kaunti, kwa BLM kitalu chako hakipo.

Aliyezoea Tume ya Madini ya Tanzania huchanganyikiwa hapa, maana kule unaomba leseni kwanza ndipo unaingia. Chini ya sheria ya madini ya 1872, ardhi ikiwa wazi unajichukulia kitalu mwenyewe, karatasi zinafuata. Jimbo ndilo linalosema nguzo ziwekweje na usajili wa kaunti uwe lini. Serikali kuu, kwa sheria ya ardhi ya 1976, inadai nakala ya hati hiyo ya kaunti ifike BLM ndani ya siku 90 tangu kitalu kichukuliwe.

Hizo siku 90 ndizo zinazoponza watu wengi. Hazianzi siku uliyokwenda kaunti. Zinaanza tarehe ambayo sheria ya jimbo inahesabu kuwa kitalu kimechukuliwa, na Nevada ni siku ya kubandika notisi. Nevada kuna unafuu: kaunti nayo inatoa siku 90, ila nguzo za pembe ziwe zimesimama ndani ya siku 60. Utah kaunti inatoa siku 30 tu, Montana 60. Mwenye 90 kichwani akifika huko ameshachelewa. Shika muda mfupi kuliko yote, na tarehe iwe ile ile kwenye notisi ya porini, hati ya kaunti, ramani na fomu ya BLM. Hati moja ikisema 3 Juni na nyingine 8 Juni, anayekitaka kitalu chako amepata pa kuanzia kesi.

Mimi ningeanza kaunti, nichukue nakala yenye muhuri na namba ya usajili, kisha niipandishe kwenye MLRS, mfumo wa BLM wa kupokea karatasi hizi mtandaoni. Foleni ya kaunti isiwe kisingizio lakini: BLM inapokea pia nakala ya hati ambayo bado inaelekea kaunti. Ambatanisha ada papo hapo, yaani dola 49 za kuchukua kitalu, dola 200 za mwaka wa kwanza na ada ndogo ya kushughulikia faili. Bila ada hesabu kwamba hujapeleka kitu.

Kwenye maelezo ya mahali, kosa la kawaida ni kutaja robo moja tu ya seksheni, yaani kile kipande cha karibu maili moja mraba kwenye ramani za upimaji za Marekani. Kitalu cha mshipa kikiwa na ukubwa wote unaoruhusiwa, futi 1,500 kwa 600, ni ekari 20.66, na kikikaa katikati ya seksheni kinagusa robo zote nne. Ziandike zote, pamoja na meridiani, ule mstari mkuu ambao upimaji wa eneo hilo unahesabiwa kutoka kwake.

Kosa la namna hiyo linarekebishika. BLM inakuandikia na kukupa siku za kusahihisha. Kuchelewa hakurekebishiki. Familia ya Locke, waliokuwa na vitalu vya changarawe hukohuko Nevada, walipeleka karatasi za mwaka tarehe 31 Desemba 1980 wakati sheria ilisema kabla ya tarehe 31. Siku moja. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mwaka 1985 kwamba vitalu vimekwenda.

Baada ya hapo kila mwaka kuna tarehe tatu. Kufikia 1 Septemba unalipa BLM dola 200 kwa kitalu, au, kama vitalu vyako havizidi 10, unaomba msamaha wa ada. Aliyelipa, kwa Nevada, bado anatakiwa asajili kaunti kiapo cha nia ya kuendelea kukishikilia kitalu, kufikia 1 Novemba. Wengi wanaisahau hii kwa kuwa risiti ya BLM wanayo mkononi. Aliyeomba msamaha anafanya kazi ya angalau dola 100 kwa kila kitalu, anasajili kiapo cha kazi hiyo kaunti, na nakala inafika BLM kufikia 30 Desemba. Kila kiapo kiandike namba ya kaunti na namba ya BLM, zote mbili. Kitalu kilichochukuliwa Julai au Agosti kinakudai ada za miaka miwili karibu kwa mpigo, kwa hiyo jipangeni kifedha.

Nguzo zenyewe: msitumie bomba la plastiki lililo wazi juu. Ndege huingia kutafuta pa kutagia, hawawezi kupanda tena, wanafia humo. Nevada imeyapiga marufuku, na tangu Novemba 2011 mtu yeyote anaruhusiwa kuyang'oa.

Na mkitaka kuongeza mwenzenu wa tatu baadaye, hati ya marekebisho haifai, haihamishi umiliki. Andikeni hati ya kumpa sehemu yake, isajiliwe kaunti, kisha nakala iende BLM pamoja na ada ya uhamisho.