Mgonjwa O chanya, chupa O chanya, mbona krosimechi inakataa?

Kwa mzazi aliyeuliza: mtoto ana selimundu, kundi lake ni O chanya, ameshaongezewa damu mara kadhaa, na sasa maabara imepima chupa nne za O chanya kwa krosimechi (kuchanganya damu yake na ya mchangiaji kuona kama zinapatana) na zote zimekataa. Sidhani kama kundi lilikosewa. Uwezekano mkubwa ni kwamba mwili wake umetengeneza kingamwili (protini za kinga zinazoshambulia kigeni) dhidi ya antijeni (alama zilizo juu ya chembe za damu) ambazo kadi ya kundi la damu haizitaji.

"O chanya" inaeleza mambo mawili tu: mfumo wa ABO na antijeni D. Juu ya chembe nyekundu kuna mamia ya antijeni nyingine. Zinazosumbua zaidi wodini ni C, c, E na e za mfumo wa Rh, K ya Kell, Fya na Fyb za Duffy, Jka na Jkb za Kidd, na S na s za MNS. Kingamwili za ABO mtu huwa nazo tangu utotoni bila kuongezewa chochote. Hizi nyingine kwa kawaida huja baada ya mwili kukutana na damu ya mtu mwingine, ama kwa chupa ama kwa ujauzito. Ndiyo maana chupa za mwanzo zilipita bila shida.

Wenzangu wa maabara, hapa ndipo pa kukaza. Kuchanganya plazma na chembe, kuzungusha kwa sentrifuji na kusoma papo hapo kunakamata kosa la ABO, basi. Kingamwili nyingi dhidi ya antijeni hizo nyingine ni za aina ya IgG: zinashika chembe kwenye nyuzi 37 lakini hazizigandishi mpaka uweke seramu ya Coombs (inayounganisha IgG zilizoshika chembe), njia iliyopo tangu 1945. Kwa hiyo weka matone mawili ya plazma ya mgonjwa na tone moja la chembe za mchangiaji, zilizooshwa na kuchanganywa na salaini (maji ya chumvi) mpaka chembe ziwe asilimia 3 hadi 5 ya mchanganyiko. Zungusha, soma. Ongeza LISS (salaini yenye chumvi kidogo, inayoharakisha kingamwili kushika chembe) kwa kipimo cha mtengenezaji, acha kwenye nyuzi 37 kwa dakika 15. Kama huna LISS, dakika 30 hadi 60. Kabla ya kuosha, zungusha tena uangalie maji ya juu: yakiwa mekundu, chembe zimepasuka na chupa hiyo imekataa. Kisha osha mara tatu au nne kwa salaini ya kujaza tyubu. Uoshaji wa mwisho mwaga kabisa, na tone linalong'ang'ania mdomoni mwa tyubu ulifute. Weka matone mawili ya seramu ya Coombs hapo hapo, zungusha, halafu inamisha tyubu taratibu ukitazama chembe zinavyoachia chini. Ukitikisa kwa nguvu, mgando dhaifu unavunjika na hutauona.

Jibu likiwa hasi, usiandike kwanza. Ongeza tone moja la chembe za udhibiti zilizokwisha kupakwa IgG, uzungushe. Lazima zigande. Zisipoganda, kipimo hakina thamani na kinarudiwa tangu mwanzo. Kisababishi cha kila siku ni kuosha kwa haraka: plazma iliyobaki, hata kidogo, humaliza nguvu ya seramu ya Coombs kabla haijafika kwenye chembe. Tyubu inaonekana hasi, chupa inatoka, na mgonjwa ndiye anayelipia.

Ukijua kingamwili ipo, paneli, yaani seti ya chembe za watu 11 hivi ambao antijeni zao zinajulikana, ndiyo inayosaidia kuitambua. Angalieni Kidd kwa makini. Anti-Jka inaweza kugandisha chembe zenye dozi mbili za Jka (moja ya baba, moja ya mama) na kuziruka zenye dozi moja, kwa hiyo usiiondoe kwenye orodha kwa kutegemea chembe zenye Jka na Jkb pamoja. Papaini (kimeng'enya cha papai kinachotumika kutibu chembe za paneli) hufuta Fya, Fyb, M na N, lakini huzipa nguvu kingamwili za Rh na Kidd, K haiguswi.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi. Chembe nyingi za uchunguzi (za kutafutia kingamwili kwenye plazma ya mgonjwa) tunazonunua zimetoka kwa wachangiaji wa Ulaya. Antijeni kama V, VS na Jsa ni adimu kwao na za kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Uchunguzi wa kingamwili unaweza kuwa hasi huku chupa ya mchangiaji wa hapa ikikataa kweli. Uchunguzi hasi usiwe sababu ya kuruka hatua ya Coombs kwenye krosimechi. Kwa upande mwingine kuna nafuu: wengi wetu hatuna Fya wala Fyb kwenye chembe nyekundu, lakini kwa kawaida Fyb ipo kwenye tishu nyingine, kwa hiyo mwili hauihesabu kuwa mgeni. Mgonjwa wa aina hiyo hahitaji kutafutiwa damu isiyo na Fyb.

Utafute chupa ngapi? Chukua takwimu za Weusi wa Marekani: wasio na C ni kama 73%, wasio na E kama 78%, wasio na S kama 69%. Mgonjwa akiwa na kingamwili zote tatu, 0.73 × 0.78 × 0.69 ni 0.39. Unahitaji chupa 2, gawanya kwa 0.39, unapata 5.1, toa 6 kwenye friji uzipime.

Kupima antijeni za mgonjwa mwenyewe kunafaa kufanyike kabla ya chupa ya kwanza kabisa. Akishaongezewa damu ndani ya miezi mitatu, chembe zake zimechanganyika na za wachangiaji. Kwa mwenye selimundu ya SS (jeni mbili za selimundu) kuna njia: osha chembe kwa salaini ya 0.3% mara kadhaa mpaka maji ya juu yawe meupe. Chembe za mchangiaji AA (asiye na jeni ya selimundu) hupasuka, za mgonjwa hubaki. Malizia kwa salaini ya 0.9%, kisha pima C, c, E, e na K, na nyingine kama una dawa za kuzipimia.

Mzazi, hili ni lako. Kingamwili, hasa za Kidd, hufifia kwenye damu kadiri miezi inavyopita. Kipimo kinaweza kuwa safi, damu ikatolewa, mwili ukakumbuka, na kati ya siku ya 3 na ya 14 chembe zikaanza kupasuka: macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, maumivu ya mgongo, himoglobini kushuka, wakati mwingine chini ya ilivyokuwa kabla ya kuongezewa. Wengi hudhani ni malaria au maumivu ya selimundu yamerudi. Mwambie daktari tarehe ya chupa ya mwisho na uombe kipimo cha Coombs cha moja kwa moja, kinachoonyesha kama chembe zilizo mwilini zimeshikwa na kingamwili. Kuongeza chupa nyingine haraka kunaweza kuzidisha hali. Omba maandishi yenye jina la kingamwili na tarehe iliyogunduliwa, na uyaonyeshe kila hospitali, hata kama kipimo cha leo ni hasi.

Kuhusu ndugu zake kuchangia: wa baba na mama mmoja wanaweza kufanana naye kuliko mgeni, lakini damu ya ndugu wa karibu inatakiwa kupigwa mionzi kwanza, kwa sababu chembe nyeupe zake zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa. Na kama kuna mpango wa kupandikiza uboho siku za mbele, ndugu anayetarajiwa kuutoa asimchangie damu kabisa.