Baba yake hataki achanjwe HPV: zungumza naye hivi

Dada wa Mafinga, umesema binti ana miaka 12, shule imetangaza chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na baba yake anakataa kwa hofu ya ugumba. Usianze kubishana. Muulize amesikia nini hasa, maana hofu ya ugumba na hofu ya "mtamfungulia njia ya wanaume" hazijibiwi kwa maneno yaleyale.

Chanjo hii haina kirusi hai. Ni ganda la protini tu, lisilo na vinasaba vya kirusi, la kuufundisha mwili kumtambua adui. Kinachong'oa kizazi ni saratani yenyewe: matibabu yake mara nyingi ni kutoa mji wa mimba, au mionzi.

Mbona mapema? Kwa sababu inazuia, haitibu maambukizi yaliyokwishaingia. Tangu 2024 Tanzania hutoa dozi moja, bure, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Anayeishi na VVU anaweza kuhitaji zaidi, mhudumu aambiwe.

Siku hiyo anywe chai kwanza. Baridi ya huko naijua, lakini sweta liwe la kupandishwa kirahisi. Sindano huchomwa msuli wa juu ya mkono. Akae dakika 15 baada ya kuchomwa. Wasichana wa rika hili huzimia kwa woga, na mmoja akianguka mstari mzima hutaharuki. Uvumi huanzia hapo. Mkono kuuma au homa ndogo huisha kwa siku chache. Mwenye homa kali asubiri apone.

Akiwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa mlango wa kizazi, kwani chanjo haikingi aina zote. Wewe je, umeshapima?